Saini ya Mjane

Mlingotini, 18 Mei

Wifi Arafa,

Shikamoo yako ninayo, lakini leo sikupi. Nimekaa nayo siku kumi na mbili, haitoki. Imegoma, kama mlivyogoma nyinyi.

Simu zako naziona. Ukipiga nazima, maana nikikusikia sauti nitatukana, na mimi nimo ndani ya eda ya kaka yako, sitaki kumfungulia shetani mlango. Barua nikikosea naichana. Hii anakuletea Bi Ashatu, yeye kila asubuhi anapeleka samaki soko la Bagamoyo. Kaapa haingii kwako, ataiacha kwa jirani. Usimlaumu, watu wote huku ndivyo wanavyokuona.

Nina swali moja tu. Jumatatu ile Bilali aliamka kifua kinambana. Mimi nilikuwa nimeshatoka, maji yamekupwa, nafunga mwani wangu. Akamwita Najim wa bajaji ampeleke kituo cha afya. Kwako unakofanya kazi, Arafa, si kwa mtu baki. Adhuhuri Najim kamrudisha mume wangu kafunikwa shuka. Nimetoka baharini na nguo mbichi, nakuta watu uani.

Najim kasema mbele ya msikiti, wanaume wote wanasikia: tumefika langoni, manesi wamekaa chini kwenye mikeka na vitambaa vyekundu kichwani, wakatukatalia. Na mtu wa mbele kabisa kwenye mikeka ni wewe. Picha zimezagaa kwenye simu, mdomo umeufungua unaimba.

Sasa niambie. Ulimwambiaje kaka yako? "Rudi, tumegoma"? Au hukumwambia kitu, uliendelea kuimba? Baba mdogo Kibwana alipokufukuza msibani, mtu aliyekulea baada ya baba yenu kufa, hukujibu neno. Ulichukua mkoba ukaondoka. Asiye na kosa hujitetea.

Huku hakuna mtu anayewahurumia. Wavuvi wanasema, nyinyi serikali ikiwaudhi mnagoma, sisi bahari ikitugomea tunamgomea nani? Mimi nimelima mwani miaka kumi na minane. Kiuno hiki kimekwisha, miguu imeliwa na chumvi. Nikizeeka nani ananipa mkupuo wa mafao? Nani ananipigia hesabu za kikokotoo? Nyinyi mna mshahara mvua inyeshe jua liwake, na bado mnaacha watu wafe langoni kwa ajili ya hela ya uzeeni!

Mwenyekiti wa kijiji, Mikdad, kaandika karatasi. Imesema wewe, muuguzi, ulimkatalia mgonjwa ukamwona anakufa. Inataka saini ya mjane. Tarehe nne Juni afisa wa wilaya anakuja kwenye mkutano wa hadhara kuichukua. Mikdad kasema kwa karatasi hiyo unafukuzwa kazi, na mafao yako yote unayoyaimbia yanapotea.

Mungu hakutujaalia mtoto. Nilikuwa na Bilali tu. Nijibu.

Mimi,
Dija


Bagamoyo, 20 Mei

Dija, mke wa kaka yangu,

Marahaba. Hukuniamkia lakini naitikia, maana nimekuzidi umri na mimi ndiye niliyekushika mkono siku unaingia nyumbani kwetu.

Nakujibu. Sikumkatalia kaka yangu. Sikumkatalia mtu yeyote. Chumba cha dharura hatukukifunga hata saa moja. Daktari na manesi wawili walibaki ndani kwa zamu, na kila mahututi aliyeletwa aliingizwa. Mwulize nani umtakaye. Wajawazito kumi na wanne wamejifungua ndani ya mgomo huo huo mnaoutukana. Bilali hakufika ndani. Sikiliza vizuri: hakufika.

Karatasi ya Mikdad naijua, imeshanifikia habari. Mikdad anautaka udiwani, Dija. Miaka minne hajawahi kuuliza kama kituo kina glavu. Leo kaka yangu kafa ndiyo kaota huruma.

Unaniuliza hela ya uzeeni. Miaka thelathini na mmoja nimepokea watoto wa Mlingotini, mpaka niliowapokea wamekuja kuzaa mikononi mwangu. Najim huyo anayenisema msikitini, kitovu chake nimekikata mimi, kwa mwanga wa tochi, mama yake ananing'ata mkono. Nilipoajiriwa niliambiwa: fanya kazi, ukistaafu nusu ya mafao utapewa kwa mkupuo, ukajenge, ukaanzishe kitu. Nikakubali mshahara mdogo kwa ajili ya neno hilo. Nimebakiza miaka mitatu, wanakuja na kikokotoo kingine. Chukua theluthi, nyingine tutakudondoshea kila mwezi mpaka ufe. Nikifa mapema je? Mkataba wa watu wawili anaubadilisha mtu mmoja, na mimi nisipige hata kelele?

Kwamba wewe huna pensheni ni kweli, na ni aibu ya nchi nzima. Lakini anayekunyima wewe siyo mimi. Kunivua mimi kanga hakutakufunika wewe.

Msibani sikujibu kwa sababu Baba mdogo alinitukana mbele ya jeneza. Nimjibu nini, nimrushie maneno juu ya maiti ya kaka yangu? Nimemzika Bilali nikiwa barabarani, nyuma ya ukuta wa jirani, kama mwizi. Hilo nalo liandikwe kwenye karatasi.

Yapo mengine siyasemi. Niliapa kwa Bilali mwenyewe kwamba sitayasema, na kiapo hakifi kwa kufa mtu.

Usitie saini uongo.

Wifi yako,
Arafa


Mlingotini, 23 Mei

Arafa,

"Hakufika!" Lo, wewe mwanamke una uso gani? Najim kamfikisha langoni, watu wameiona bajaji, mchuuzi wa maji ya matunda kaiona, wewe unaniambia hakufika. Hakufika wapi, peponi?

Nimemsomea Bi Ashatu barua yako akacheka mpaka akashika mbavu. Anasema manesi mnatukana wajawazito leba miaka yote, leo mnajihesabia waliojifungua mnataka tuwapigie makofi. Wanawake wa mwani wamenunua kanga sare, doti ishirini, imeandikwa MNALIA MKIWA MMESHIBA. Waliivaa Jumapili wakapita nayo barabara kuu hadi stendi, makusudi mwione. Kama hamkuiona basi mlikuwa mnaimba.

Na usinifundishe habari za pensheni, mimi nimelala na mwalimu mstaafu. Bilali kafundisha miaka thelathini na minne. Kastaafu, kapewa hela yake, kanyamaza kiume. Hukumsikia barabarani na kitambaa. Alitoka mjini siku ile akaniambia, mke wangu, boti ya faiba nimeshaiagiza, tutaikodisha kwa wavuvi na wewe utatoka kwenye maji ya chumvi. Hadi anakufa boti iko njiani, mafundi wanachelewesha. Nimeshamwahidi Bi Ashatu mumewe awe wa kwanza kuikodi. Huyo ndiye mwanamume. Kapata alichopata akapanga maisha, hakuua mtu.

Halafu unaniletea viapo. Uliapa nini na mume wangu, mimi nisikijue? Kila Jumamosi alikuwa anakuja kwako. "Namtembelea Arafa." Mlikuwa mnazungumza nini, kama si hela ya boti umeikalia wewe ukamalizie nyumba yako? Nimeshaanza kuwaza hivyo, na nikiwaza hivyo silali.

Karatasi iko juu ya kabati. Baba mdogo Kibwana kaisoma kwa sauti mara mbili, kasema imekaa sawa. Mikdad anakuja Ijumaa ya tarehe thelathini na moja. Nakupa mpaka siku hiyo. Usiponieleza ulichoficha, natia saini mchana kweupe, na mafao yako ukayadai kwa Mungu.

Dija


Bagamoyo, 29 Mei

Dija,

Karatasi hii ni ya tano. Nne nimezichana. Leo nimekwenda sokoni mwenyewe kumkabidhi Bi Ashatu mkononi. Akiitupa, Mungu anamwona.

Hakuna boti.

Haikuagizwa hata siku moja. Bilali alikuja kwangu siku aliyopata hela yake, akakaa jikoni, chai nimemwekea ikapoa. Alikuwa amepiga hesabu za nusu miaka mitano, akapewa theluthi, na theluthi hiyo ikamezwa na mikopo ya mabati na ada za watoto wa ndugu aliowasomesha. Kilichobaki hakifiki injini. Akaniambia, "Dija nimemwahidi kumtoa baharini. Nimwambie nini?" Nikamwambia mwambie ukweli. Akanishika mkono akaniapisha nisiseme. Tangu siku hiyo presha yake haikushuka. Kila Jumamosi nilikuwa nampima na kumpa vidonge, na kila Jumamosi namwambia mwambie mkeo, naye ananijibu wiki ijayo. Hakunyamaza kiume, Dija. Alinyamaza kwa aibu. Mimi niliingia kwenye mgomo kwa hasira ya yule mtu aliyekaa jikoni kwangu. Sasa unaijua hela ya boti iko wapi.

La pili ni gumu zaidi.

Nilimwona. Nimekuandikia hakufika ndani, na ni kweli, lakini nilimwona langoni. Bajaji ilisimama kama hatua ishirini. Kaka katoa kichwa, jasho linamtiririka, mkono wa kushoto kaushika kifuani. Akaniona. Akanyoosha ngumi ya kulia juu, vile walimu wanavyofanya siku ya Mei Mosi. Mimi nikadhani kaja kutuunga mkono. Mwalimu mstaafu, mtu wa chama cha walimu miaka yote! Nikapiga vigelegele. Nikawaambia wenzangu, "Huyo ni kaka yangu, kaja kutupa nguvu!" Wote wakashangilia. Naye akacheka kidogo, bajaji ikageuka ikaondoka, na mimi nikaendelea kuimba.

Miaka thelathini na mmoja, Dija. Jasho, mkono kifuani, rangi ya majivu usoni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeona. Nesi wa zamu akiniletea habari kama hiyo namfokea mbele ya watu. Mimi nimeiona kwa macho yangu, kwa kaka yangu wa tumbo moja, nikapiga vigelegele.

Ndiyo maana sikujibu msibani. Siyo heshima ya jeneza. Nilikudanganya.

Kwa nini aligeuka sijui. Mwulize Najim, lakini mwulize peke yake, mbali na Mikdad. Mimi sikumkatalia kaka yangu, na sitakubali kuandikwa hivyo hata mkinichinja. Lakini nililolifanya nimekwambia.

Arafa


Mlingotini, 2 Juni

Arafa,

Bi Ashatu alikaa na barua yako siku tatu ndani ya kapu, kwa kuwa wewe ni adui wa kijiji. Kanipa jana baada ya Alasiri. Mikdad alikuja juzi. Nimeshatia saini.

Subiri, usilie, sijamaliza.

Nimesoma habari ya boti nikachukua mchi nikapiga kinu mpaka kikapasuka. Miaka miwili! Miaka miwili nawaambia wanawake wenzangu boti yangu iko njiani, na wewe unajua, na yeye anajua, mnakutana Jumamosi mnapimana presha, mimi niko majini natafunwa na chumvi nikijisifu! Nyinyi wawili mlinifanya nini, punguani? Mnadhani mwanamke aliyeishi na mtu miaka thelathini kwa ugali na dagaa angemwacha kwa kukosa boti? Angeniambia tungecheka. Tungelia kwanza, halafu tungecheka. Kafa na aibu yake ameifumbata, na wewe ulimsaidia kuishika.

Hilo la vigelegele nakuachia. Uwe unalifikiria wewe.

Nikamwita Najim. Nilikaa nyuma ya pazia, yeye akakaa barazani. Nikamwambia, nina ukweli wote mkononi, ukiongopa nakusomea Halbadiri ikulaani, mimi mwenyewe. Akaanza kulia kabla sijamaliza. Hakuna nesi aliyemkatalia. Hakuna nesi aliyeulizwa. Walipofika, Najim alitaka kupita katikati ya mikeka aende dharura. Bilali akamshika bega akasema, "Siwezi kuwapita akina Arafa wamekaa chini. Geuza. Nipitishe duka la dawa kwa Jafferali, ninunue vidonge vyangu." Najim kageuza. Hawakufika kwa Jafferali.

Nikamwuliza, kwa nini ulisema uongo? Akasema, mama, watu wangeniuliza mgonjwa anakwambia geuza nawe unageuza? Alisema neno moja tu kwa woga, wamekataliwa, halafu Mikdad akalichukua, akalilisha, likanenepa.

Kwa hiyo mume wangu kafa kwa adabu. Kwa heshima ya mkeka! Ningekuwa pale ningempiga kofi nikamburuta mpaka ndani.

Nimetuma mtu kwa Mikdad anirudishie karatasi. Kajibu, saini ya mjane ikishatoka haimrudii, na kwamba nina huzuni, sijui nisemalo. Mimi! Baba mdogo Kibwana naye kaniambia ninyamaze, hili sasa ni la wanaume.

Mkutano ni Jumanne. Nimemwuliza shekhe, kasema mwenye eda akiwa na haja hutoka mchana akarudi kabla ya Magharibi. Mimi haja ninayo.

Dija


Bagamoyo, 3 Juni

Dija, usitoke.

Nakuomba, usitoke. Shekhe anajua dini lakini hawajui wale watu kama ninavyowajua mimi. Wewe utabaki nao. Mimi niko mjini, naweza kuhama, naweza kufungua duka la dawa, naweza kuuza vitumbua. Wewe maji yakikupwa unakwenda nao, ukiugua watakujulia hali wao, siku ukifa watakuosha wao. Usiwachokoze kwa ajili yangu.

Kazi waichukue. Barua ya kusimamishwa nimeshaipata, nasubiri hiyo ya mwisho. Labda ni haki yangu kwa vile vigelegele, hata kama siyo kwa kosa waliloliandika.

Hii kaileta dereva wa pikipiki, nimemwambia asubiri jibu. Niandikie neno moja tu kwamba utakaa ndani.

Arafa


Mlingotini, 5 Juni

Kwa Arafa, binti wa marehemu kaka yangu,

Sikukusudia kukuandikia tena duniani. Naandika ili ujue nyumba yenu imefikia wapi.

Jana afisa wa wilaya alikuwa amesimama na karatasi mkononi, Mwenyekiti kashika kipaza sauti, anasoma vizuri kabisa. Mara watu wanapishana. Nageuka, namwona mke wa Bilali. Siku ya thelathini ya eda, ndani ya nguo zake za eda, juani, katikati ya wanaume mia mbili. Nilitamani ardhi inimeze. Anamvuta Najim kwa mkono wa shati.

Akamnyang'anya Mwenyekiti kipaza sauti. Akasema, "Saini ni yangu, maneno si yangu. Nayarudisha." Akamsukuma Najim mbele aseme, na Najim kasema yote, analia. Kisha mwanamke yule akaongeza la kwake: mume wangu kasema geuza, huyu kageuza, nesi hakuulizwa wala hakujibu. Kaongeza na habari ya boti! Hela ya marehemu, siri ya marehemu, kaimwaga mbele ya kijiji: hii ndiyo pensheni mnayosema watu wameshiba nayo, mume wangu imemwua kwa aibu.

Watu wakapiga miluzi. Wanawake wenzake wakamwambia kahongwa na wifi yake. Unajua kawajibu nini? "Mmeniletea sukari ya msiba kilo tatu, mkadhani mmenunua na ulimi."

Afisa kaikunja karatasi kaitia mfukoni, kasema maneno yaliyokanwa na mwenyewe hayamfukuzi mtu kazi. Hongera. Kazi yako imepona.

Lakini jana hiyo hiyo, baada ya Isha, kijiji kimekaa. Kamdhalilisha Mwenyekiti, kawadhalilisha waliolia naye, kamvua nguo marehemu. Tumeamua nyumba ile hatuzikani nayo. Hatuendi kwake, haji kwetu. Arobaini ya Bilali wasome wenyewe. Na mimi ni mtu wa kijiji, siwezi kujitoa.

Usinijibu.

Kibwana


Mlingotini, Ijumaa 14 Juni, saa nane mchana

Arafa,

Bado nina hasira, kwa hiyo nisome haraka.

Leo ni arobaini. Nimeuza mwani wangu wote uliokauka nikanunua mchele kilo thelathini na mbuzi mmoja. Nimepika tangu alfajiri na Bi Ashatu. Ndiyo, huyo huyo. Aliingia, akashika mwiko, akaniambia barua yako aliificha makusudi na hajui aseme nini. Nikamwambia asiseme, akoroge.

Baada ya sala ya Ijumaa shekhe kaja na watu wawili. Wakasoma hitima watu watatu, Arafa. Watatu, kwa mwalimu aliyekifundisha kijiji kizima kushika kalamu! Mikdad katangaza mechi ya kombe lake saa ile ile. Nimekaa ndani nasikia kipenga na watu wanashangilia goli. Baba yako mdogo kapita mbele ya nyumba, harufu ya pilau imemfika, kageuza uso akaenda mpirani. Mtu wa miaka sabini na nne.

Nimesikia mgomo wenu umeisha, mmerudi kazini na kikokotoo ni kile kile. Basi mmeshindwa, na mimi nimeshindwa, na yeye kalala.

Nina sufuria tatu zimejaa. Sitawapelekea waliotususa, wala sitawamwagia kunguru chakula cha Bilali. Najim amekuja na bajaji na mwenzake kaleta ya pili, ziko mlangoni kwako sasa hivi. Chukua wenzako wote walio nje ya zamu, wale uliokaa nao kwenye mikeka, wale waliomshangilia. Wavae vitambaa vyao vyekundu wakitaka, mpite navyo katikati ya uwanja wa Mikdad. Mje mle.

Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe, na usije ukaniuliza. Usije ukilia, nimeshasikia kilio cha kutosha mwaka huu. Utakaa mkekani, uso kwa uso na mimi, nitakupakulia sahani ya Bilali, na utakula mpaka uimalize, mimi nikikuangalia.

Dija